Mama Nyirabageni, Aliyeivusha Mibuni ya Ta Rwegoshora

Kihanga, Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1997
Unasomwa na Projest, mtoto wa kaka yake marehemu

Mheshimiwa Katekista, Mwenyekiti wa kijiji, Ta Anastazi Rwegoshora, mzee mwenye shamba hili, uliyekaa mbele chini ya turubai, na ninyi ndugu na majirani mliosimama juani: familia imetuagiza tusirefushe. Jua la leo halimheshimu maiti wala mzima, na marehemu mwenyewe asingevumilia kuona kiumbe chochote kimesimamishwa saa hizi bila kufunikwa. Kwa hiyo atakayeweza kujifunika kanga, koti au gazeti, ajifunike.

Joviana Nyirabageni alizaliwa mwaka 1936 huko Byumba, Rwanda, mtoto wa pili kati ya sita. Mwezi haujulikani. Mama yake alikumbuka tu kwamba mtama ulikuwa unavunwa na kwamba mkunga alichelewa kwa sababu alikuwa anavuna wa kwake. Alibatizwa akiwa na wiki tatu. Baba yake alikuwa na mibuni sitini ambayo hakuitaka. Enzi hizo za Wabelgiji kila mwenye nyumba alilazimishwa kuwa nayo, na alilazimishwa pia kuitandazia nyasi chini ili jua lisikaushe mizizi. Mwaka 1944 baba huyo alichelewa kutandaza. Akalazwa chini mbele ya watoto wake akachapwa viboko vinane. Marehemu alikuwa na miaka minane, akadhani wanahesabu umri wake. Jioni ile alikwenda kukata nyasi mwenyewe. Hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza la kilimo, na lilimkaa kuliko katekisimu.

Shule alisoma miaka miwili, 1946 na 1947. Alijua kusoma taratibu, kuandika jina lake lote bila kuacha herufi, na kuimba kwa sauti iliyowafanya watu wa benchi la mbele wageuke. Aliachishwa shule ili abebe wadogo zake. Hakulalamika, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 1961, nchi ilipochafuka, alivuka mto Kagera pamoja na kaka yake Evaristi, wakafikia Songambele. Huko ndiko alikofunga ndoa, tarehe 9 Juni 1962, na Theoneste Karekezi, kijana mrefu, mcheshi, aliyekuwa na kofia moja ya pama na hakuna kingine cha kujivunia. Mungu aliwajalia watoto wawili: Vestina, mwaka 1964, na Aristides, mwaka 1969. Wazee wa Songambele bado wanacheka habari ya kofia ile. Kiangazi cha mwaka 1970 Theoneste aliitafuta siku mbili. Akaikuta nyuma ya nyumba, imevalishwa mche wa mpapai.

“Mke wangu,” akauliza, “huu mpapai unakwenda misa?”

“Umezidiwa na jua. Wewe una nywele.”

Theoneste alikwenda kanisani kichwa wazi miezi miwili. Mpapai ule ulizaa. Baada ya hapo mwanamume yule akaingia kwenye mashimo ya kuchimba madini ya bati kule Kyerwa, na tarehe 3 Machi 1977 shimo likamwangukia. Walimfukua siku ya nne. Kofia ilikuwa imebaki nyumbani.

Mwezi Juni mwaka 1978, mjane huyu alifika hapa Kihanga na watoto wawili, sufuria mbili na jembe, akitafuta kazi. Ta Rwegoshora, ambaye Mungu amembariki kwa ardhi kuliko kumbukumbu, alikuwa amepanda mibuni mia tatu upande wa kibanja, yaani shamba lake la nyumbani, unaotazama magharibi, pale ambapo jua la saa nane linapiga kama limetumwa na adui. Mara mbili alikuwa amepanda pale, na mara mbili alivuna kuni. Akamwonyesha marehemu ile miche. Kisha akamwonyesha pembe ya chini, karibu na bonde, ambako hakukuwa na kitu ila magugu na nyoka. Akasema maneno yafuatayo mbele ya Muhangi, mfugaji wa rweyani, yaani kwenye mbuga ya nyasi hapo juu, ambaye siku hiyo alikuwa ameleta samadi:

“Mama Vestina, niivushie hii mibuni viangazi vitatu. Ukiivusha, ile pembe ni yako na wanao.”

“Yangu ya kulima, Ta Rwegoshora, au yangu kabisa?”

“Yako kabisa. Mimi husema mara moja.”

Ni kweli. Alisema mara moja. Hakurudia tena.

Kwa vijana ambao hamkumwona marehemu kazini, semeni mmekosa chuo. Nyasi alizikata rweyani kabla hazijakauka sana, akazitandaza unene wa kiganja, akiacha nafasi ya shubiri moja kuzunguka shina ili mchwa wasipande na gome lisioze. Maji alimwaga kabla jua halijapanda, shinani tu, hakulowesha jani. Miche midogo aliifunika upande wa magharibi peke yake, kwa jani la mgomba lililobanwa kwenye vijiti viwili, kwa sababu alisema jua la asubuhi ni chakula na jua la mchana ni mwizi. Alizika vibuyu vilivyotobolewa tundu dogo kando ya mizizi, akavijaza, vikawa vinanyonyesha mche mmojammoja siku nzima. Mashina yaliyobaki wazi aliyapaka udongo mweupe yasiungue. Mtu akipita na kuuliza kwa nini anahangaika hivyo na mali isiyo yake, alijibu, “Mche haujui ni wa nani.”

Maneno mazuri. Ta Rwegoshora aliyapenda sana.

Viangazi vitatu vikapita. Mwaka 1981, mibuni mia mbili themanini na saba ikiwa hai, marehemu alivaa gauni lake la kanisani akaenda kubisha mlangoni.

“Shikamoo, Ta Rwegoshora. Vile viangazi vimetimia.”

“Marahaba, Mama Vestina. Viangazi gani?”

Akamkumbusha. Ta Rwegoshora akakuna kidevu, akasema alimaanisha mibuni ikianza kuzaa. Mwaka 1983 ikazaa. Akasema alimaanisha ikizaa vizuri. Mwaka uliofuata ingezaa vizuri, na sijui tungemaanisha nini, ila jua likaingilia kati.

Hapa lazima tueleze jambo ambalo wenyeji wote mnalijua, lakini kuna wageni kutoka Bukoba. Sisi tuliokuja kufanya kazi kwenye vibanja vya watu tunaruhusiwa kupanda maharage, viazi na mahindi, vitu vinavyoondoka shambani mwaka uleule. Mti haturuhusiwi. Mwenye mti ana neno kwenye ardhi, na mwenye kaburi ana neno kubwa zaidi. Ndiyo maana kibarua anaweza kukaa kwenye kibanja cha mtu maisha yake yote, akavihudumia vyote vilivyopandwa humo, asiache hata mchungwa.

Sasa, kiangazi cha mwaka 1984. Mvua iliondoka mapema kama imefukuzwa. Mwezi Julai majani ya mibuni yalianza kujikunja, na Muhangi, akitafuta malisho mapya, akaichoma rweya yote. Nyasi za kutandaza hazikubaki hata za kutengenezea kiota. Marehemu alipanda hadi kule akiwa na mundu, akakuta majivu na Muhangi.

“Muhangi, umenichomea blanketi la mibuni!”

“Mama, ng'ombe hawali blanketi. Wanataka nyasi changa.”

“Na mibuni ivae nini?”

“Ilete huku, nitaichunga.”

Marehemu hakucheka. Alishuka, akakata matawi ya mtoma, ule mti ambao magome yake hutengeneza nguo, uliokuwa umepogolewa nyuma ya kanisa, akayachonga vijiti themanini, akavichomeka katikati ya mistari. Juu yake alilaza fito na majani makavu ya migomba. Ikawa kama soko limehamia kibanjani. Wiki saba mibuni ilikaa chini ya paa wakati nyumba ya marehemu mwenyewe inavuja mwanga kila upande. Mvua ilipofika Septemba, ni michache iliyokuwa imekufa.

Lakini mtoma ni mti usio na adabu. Tawi lake ukilichomeka ardhini, hata ukiligeuza kichwa chini, likinyeshewa linaota. Kila mtu wa Karagwe analijua hilo. Marehemu alisema yeye hakujua. Kwa heshima zote tunazompa leo, familia haimwamini.

Mwezi Novemba Ta Rwegoshora alikuja kukagua akasimama kama amekanyaga moto.

“Nyirabageni! Nani amekwambia upande miti kwenye ardhi yangu?”

“Shikamoo, mzee. Sijapanda miti. Nimechomeka vijiti.”

“Vijiti vina majani!”

“Hata mimi nimeshangaa.”

Kesi ilifika baraza la kijiji mwezi Machi 1985. Ilikaa siku mbili na mitungi mitatu ya pombe ya rubisi. Wakapima, wakauliza, wakaenda kuvitikisa vile vijiti kimoja kimoja. Arobaini na kimoja vilikuwa vimeshika kabisa. Mwenyekiti wa wakati huo, ambaye ametangulia mbele ya haki na tunatumaini huko anaelezwa vizuri zaidi, alitoa hukumu: miti ni ya mama, ardhi ni ya mzee, na siku mzee akiitaka ardhi yake, mama ataondoa miti yake.

Watu walimpigia makofi. Marehemu naye alipiga.

Ta Rwegoshora angeweza kudai ardhi kesho yake. Hakudai. Aliangalia jua, akaangalia mibuni yake, akasema miti ingoje kiangazi kipite. Kiangazi kikapita, akasema ingoje kinachofuata. Hivyo ndivyo mitoma arobaini na mmoja ilivyoishi miaka kumi na miwili kwa kuahirishwa, ikapanda, ikatanua, ikafunika mteremko wote, na mibuni chini yake ikawa ya kijani hadi Agosti, watu wakija kuitazama kutoka Nyaishozi. Wakiuliza ni ya nani, Ta Rwegoshora alijibu ni yake. Wakiuliza kivuli ni cha nani, alikohoa. Na pembe ya chini? Ilibaki magugu. Marehemu aliikata magugu yake kila mwaka, kabla ya Krismasi, kama mtu anayefagia uwanja akisubiri ugeni.

Vestina aliolewa Bugomora mwaka 1986. Mwaka 1991 serikali ya kijiji cha huko ilimgawia kibanja kwa jina lake mwenyewe. Alipanda mparachichi siku ileile, kabla ya kuchimba choo. Kuanzia hapo kila Krismasi alikuja hapa Kihanga kumfuata mama yake, na kila Krismasi alirudi peke yake.

“Mama, kwangu kuna nafasi. Utapanda unachotaka, hakuna wa kukuuliza.”

“Nitakuja, mwanangu. Huyu mzee ameniahidi pembe.”

“Aliahidi nikiwa na miaka kumi na minne. Sasa nina watoto wanne!”

“Ndiyo maana naona karibu atatoa.”

Tunasema haya hadharani kwa sababu wasifu usiosema kosa la marehemu ni tangazo la biashara. Kosa lake lilikuwa hilo. Alikuwa na akili ya kujua kila mche unataka nini, na hakutaka kujua mtu mmoja hataki kutoa nini. Wengine walisema amerogwa. Hakurogwa. Aliambiwa “yako kabisa” na mwanamume aliyevaa viatu, akaamini.

Kuhusu ugonjwa: marehemu hakuugua, hakuwa na nafasi. Mwaka 1995 alianguka mara moja kanisani, akapelekwa zahanati, ikaonekana presha iko juu. Mganga alimwandikia vitu viwili, vidonge na kivuli. Vidonge vilikwisha. Kivuli akawapa mibuni.

Mwezi Mei mwaka huu wana wawili wa Ta Rwegoshora walirudi kutoka mjini kugawana kibanja baba yao akiwa hai, jambo ambalo ni la busara, maana akifa wangelazimika kulia kwanza. Walitembea na kamba ya kupimia. Walipofika upande wa magharibi wakauliza ile mitoma ni ya nani, na wazee, kwa uaminifu wao, wakajibu ni ya Nyirabageni. Wana wale wakaona hatari. Bibi kizee wa kuja, mwenye miti arobaini na mmoja iliyothibitishwa na baraza! Wakamwambia baba yao, naye akatuma neno: sasa naitaka ardhi yangu. Marehemu alipewa siku tatu kuiondoa miti. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na mundu. Siku ya nne, tarehe 16 Juni, wana wale wakaleta msumeno.

Ilianguka yote siku mbili. Katikati ya Juni! Mtoto wa darasa la pili anajua hufungui kivuli kiangazi kinapoanza. Mibuni iliyokulia gizani ilifunguliwa ghafla mbele ya jua lote la Karagwe, na kufikia mwisho wa wiki majani yalikuwa yamepata mabaka ya kahawia kama yamepitishiwa pasi. Wenye mibuni waliitazama, wakasema itazoea, wakarudi mjini.

Vestina alifika tarehe 2 Julai. Alimkuta mama yake anashuka kutoka rweyani na mzigo wa nyasi kichwani, uso umekauka, miguu nyeupe kwa vumbi. Mazungumzo haya aliyasikia kila aliyekuwa kisimani.

“Mama, weka chini. Tunaondoka leo.”

“Nikiondoka sasa itakauka.”

“Ikauke! Ni yako?”

“Si yangu.”

“Basi?”

“Kivuli niliizoesha mimi. Ingekulia juani toka mwanzo ingekuwa na gome gumu. Mimi ndiye niliyeilegeza. Nikishaivusha hii Agosti, nakuja. Safari hii kweli.”

“Na pembe?”

Marehemu alitua mzigo, akafuta jasho, akatazama kule chini kwa muda.

“Pembe waache nayo,” akasema. “Nimechoka kuifyeka.”

Ndiyo mara ya kwanza alisema hivyo, na Vestina alishuka Bugomora akiwa na furaha, akasafisha chumba, akanunua kitanda. Tunataka mlijue hilo. Kitanda kimeshatandikwa.

Kwa wiki sita marehemu alipanda rweyani mara tano kila siku. Alifunika mibuni mia mbili na kitu. Mistari minne ya mwisho ilikuwa bado. Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti, saa nane mchana, Muhangi aliona ng'ombe wake wamekusanyika mahali pamoja kando ya njia, akadhani wamepata chumvi. Alikwenda na fimbo. Walikuwa wanakula mzigo wa nyasi. Marehemu alikuwa chini yake.

Alimtoa, akamlaza kwenye kivuli cha ng'ombe, maana rweyani hakuna kivuli kingine. Bado alikuwa anapumua. Muhangi anasema alimuuliza, “Mama, nikuletee nini?” naye akajibu, “Wafukuze. Hizo ni za mistari ya mwisho.” Tulimbeba pamoja na Muhangi kwa machela kuelekea zahanati. Hakufika. Tulimfumba macho njiani, mahali pa wazi, jua likiwa limesimama.

Jana, Ijumaa, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, familia ilikuwa inapanga mazishi. Kijana aliyetumwa na Ta Rwegoshora akaja na karatasi iliyopigwa chapa. Tunaisoma kwa kifupi, makosa ya herufi tumeyasamehe. Kwamba Ta Rwegoshora, kwa huruma yake, anaruhusu marehemu azikwe kwenye pembe ya chini ya kibanja. Kwamba kaburi hilo halitakuwa dalili ya umiliki. Kwamba halitajengewa. Kwamba hakuna mti, ua wala mmea wowote utakaopandwa juu yake wala kando yake. Kwamba watoto wake wataomba ruhusa kabla ya kulitembelea. Na kwamba Vestina atie sahihi kabla jeneza halijashuka.

Vestina aliisoma mara mbili, kwa sauti.

“Pembe ya chini ni ile ile?” akauliza.

“Ndiyo, ile ya bondeni.”

“Aliyomwahidi mama?”

“Hakuna aliyemwahidi mtu.”

Ndipo Muhangi, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe toka asubuhi, akasimama.

“Aliahidi. Mimi nilikuwepo. Mwaka sabini na nane, niliposhusha samadi. Alisema, yako kabisa.”

Vestina akamgeukia.

“Baba Muhangi, kwenye baraza mwaka themanini na tano ulikuwepo?”

“Nilikuwepo.”

“Ulisema nini?”

“Sikusema.”

“Kwa nini?”

“Ng'ombe wangu wanakunywa maji kwenye bonde lake.”

“Leo hawanywi?”

Muhangi akakaa tena kwenye jiwe. Familia inamshukuru kwa kumbeba marehemu, na kwa ushahidi wake, ambao umechelewa miaka kumi na miwili tu. Vestina alikunja ile karatasi mara nne, akaomba kalamu, kijana akaitoa mfukoni haraka akidhani mambo yamekwisha. Akaandika juu yake neno moja, “Bugomora”, na muda wa lori kufika. Akampa arudishe.

Kwa hiyo ndugu waombolezaji, mliokuja na majembe mnaombwa radhi. Hapa hapachimbwi. Hii ni ibada ya kuaga tu. Mama Joviana Nyirabageni atazikwa leo saa kumi jioni kwenye kibanja cha binti yake, ambako kaburi lilikamilika alfajiri, na wajukuu wake wameshabishana vya kutosha kuhusu nini kipandwe kila upande. Wameambiwa wapande vyote.

Amemwacha kaka yake, Mzee Evaristi, watoto wake wawili, Vestina na Aristides, wajukuu saba, na mibuni mia mbili na kitu ambayo si yake. Kwa mujibu wa kalenda kiangazi kimebaki na wiki tano. Ta Rwegoshora, mistari minne ya mwisho haijafunikwa. Maji ni kabla ya jua, shinani, si kwenye jani. Nyasi ni unene wa kiganja, uache shubiri moja. Njia ya rweyani unaijua, ni ile ndefu. Familia imewaomba wote waliowahi kumsaidia marehemu kubeba wasikusaidie wewe, na wote wamekubali, hata mkeo.

Sasa tunaomba wanaume wanane wabebe jeneza hadi kwenye lori, na akina mama wamfunike vizuri kwa juu, maana njia yote ni jua.

Aliyekuwa na mahali pa kumpa, binti yake, ndiye aliyempokea. Mama yetu amehama. Apumzike kwake.